Mierezi Isiyo na Mwenyewe

Tallow, Tennessee
Machi 22, 1975

Wifi yangu Imogene,

Hujambo huko kwenye theluji? Sisi wazima, ila Hershel analalamika mgongo, na mgongo wa Hershel huuma siku za kupasua kuni tu. Siku za kuvua hauumi. Mume wangu ni yule yule uliyemwacha.

Naandika mbiombio kwa sababu Dale, mjukuu wa Shemasi Fowlkes, anarudi Detroit kesho, na nyuma ya gari lake kuna sanduku la barafu lenye jina lako. Lifungue upesi. Ni krapi, wale samaki wa ziwani kwetu. Nimewapara magamba na kuwasafisha kwa mikono yangu, na sanduku nimelijaza hadi juu. Ukiwakuta wachache, muulize Dale amelala wapi njiani na amekula nini.

Wifi, mwaka huu ni maajabu. Miti ya dogwudi haijatoa maua vizuri, lakini krapi wameshapanda kwenye maji ya magotini kutaga. Na mimi nimepata mahali. Nilipagundua mwaka jana, nikafunga mdomo. Sasa nakwenda peke yangu asubuhi, na mwanzi wangu wa kuvulia na kopo la vidagaa hai vya chambo, kabla wanaume wa gatini hawajamaliza kahawa yao na uongo wao. Usiniulize ni wapi. Hershel ameniuliza kwa upole, akaniuliza kwa hasira, na juzi akajifanya anaweweseka usingizini ili aniulize. Nikamwambia, "Lala, mzee. Siri hiyo nitazikwa nayo."

Nitakudokezea kitu kimoja tu. Siku ya kwanza ndoana ilinasa chini. Nikavuta polepole nikidhani ni kisiki, ikaja na kijiti cha mwerezi. Mwerezi, Imogene! Ziwani kwetu kuna miberoshi. Mwerezi hauoti majini hata kwa maombi. Maana yake kuna mtu amekata mierezi huko bondeni, akaifunga kitu kizito, akaizamisha pale ili samaki wapate pa kujificha, na mimi navua juu ya jasho lake. Unajua kwetu hilo ni sawa na kuingia jikoni kwa mtu na kufunua chungu. Nilingoja mwenyewe aje anitukane. Mwaka mzima hajatokea. Basi kama mwenye chungu hatokei, mimi nala.

Nimesikia una mtu. Dale hana breki za mdomo. Anasema ni Mpolandi, mgane, wa kiwanda cha magari, anaitwa Walter na jina la ukoo ambalo nimejaribu kulitamka mbele ya kioo nikajitemea mate. Sikulaumu. Nasema tu nimesikia.

Mimi wifi yako,
Nelda Ruth


Detroit, Michigan
Aprili 9, 1975

Wifi Nelda Ruth,

Samaki walifika salama, na barafu ilikuwa bado haijayeyuka yote. Niliwakaanga kwa unga wa mahindi, nikapika na maharage meupe na vile vitumbua vya mahindi vya mama yenu. Mwanangu Rhonda alikula hadi mikia. Walter alikuja akala sahani mbili, akasema kwao samaki wa Ijumaa ni adhabu ya kanisa, hakujua adhabu inaweza kuwa tamu hivi. Mimi nililamba vidole. Nilifumba macho jikoni kwangu, ghorofa ya tatu, treni ikipita, nikajiona niko gatini Tallow na miguu imo majini. Asante. Naisema kwa moyo.

Sasa nikuambie lile ambalo ulijua nitaliandika.

Walter anataka tufunge ndoa kabla ya Krismasi. Wakili anasema siwezi kupata talaka kabla hatujajaribu kumfikishia Doyle karatasi, na anataka anwani yake. Padri wao ndiyo kabisa. Mwanamke aliyeachika hampi ndoa. Angekuwa mjane, anasema, asingekuwa na neno. Nikamwambia Walter, laiti Doyle angekuwa amekufa, ingekuwa rahisi kwetu sote. Nalirudia hapa kwa sababu sioni haya kulisema, hata kwa dada yake.

Unayo anwani, Nelda Ruth. Wewe na Doyle mlitoka tumbo moja na mlikuwa mkicheka pamoja mezani mambo ambayo mimi sikuyaelewa. Hawezi kukaa miaka yote hii asikuandikie hata kadi ya Krismasi. Sikuombi umsaliti. Naomba mji na mtaa tu.

Kama unadhani nimesahau, sijasahau. Ilikuwa masika, bado giza. Aliniambia anakwenda Union City kununua betri ya pikapu. Mimi nikageukia ukutani nikalala. Nilipoamka mvua inanyesha ya kufunika dunia, na banda liko wazi, na kile kitanda cha chuma cha mama yenu hakipo. Kile chenye kirungu kimoja cha kauri nyeupe, ambacho Doyle alikitoa kwenye mlango wa zamani akakipachika pale cha shaba kilipopotea. Wiki hiyo hiyo Wanda Lee wa mgahawani akaacha kazi bila kuaga, na Tallow nzima ikajumlisha. Mwanaume anayeondoka alfajiri na kitanda, Nelda Ruth, haendi kulala peke yake.

Nilisimama kwenye foleni ya duka mwaka mzima watu wakininong'onea mgongoni, ndipo nikamchukua mtoto nikaja huku. Naomba anwani.

Imogene


Tallow
Aprili 20, 1975

Imogene,

Sina anwani. Nakuandikia kwa herufi kubwa safari hii ili usiseme hukuona: SINA.

Unadhani ni wewe peke yako uliyeachwa? Mama alihamishia kiti chake kwenye dirisha la mbele, na akafia kwenye kiti hicho akitazama barabara. Hata kwenye mazishi ya mama yake, Doyle hakuleta kadi. Mimi ningekuwa na anwani yake ningekwenda huko kwa miguu nikamzabe kibao, kisha ndiyo nikupe wewe ukamzabe cha pili.

Na si kitanda tu. Aliondoka na mnyororo wangu, ule mzito wa kung'olea visiki. Aliuazima jioni yake, akaniambia, "Dada, kesho saa sita utakuwa nao." Nikamuuliza wa nini. Akacheka, akasema ni shughuli ya wanaume. Shughuli ya wanaume! Mpaka leo nikiona kisiki shambani namlaani.

Mimi ninamkumbuka vingine. Wewe unamkumbuka na kitanda, mimi namkumbuka na boti yake ya bati akinifuata ziwani kila masika. Maskini hakujaliwa samaki. Nilikuwa narudi na ndoo imejaa, yeye ana wawili wa kumpa paka, na kwenye karamu ya samaki kanisani wanaume wanamwita "mume wa paka". Akinifuata, mimi nazima injini, nalalia mpini wa usukani na kuvuta kofia usoni mpaka achoke aondoke. Aliniomba nimwonyeshe mahali pangu. Alinibembeleza kabisa. Nilimwambia, "Tafuta pako, mdogo wangu, kama sisi wengine tulivyotafuta." Ndivyo Baba alivyotuambia sisi. Ndivyo Tallow inavyoambiana. Mtu wa hapa akikuambia anakwenda kuvua kaskazini, mtafute kusini.

Basi hayo. Jumamosi iliyopita ilikuwa karamu. Nilipeleka krapi wa kujaza sufuria tatu, wote kutoka pale pangu, na kanisa zima likala. Ndugu Lovelace, mchungaji wetu, aliwaombea baraka mikono iliyowavua. Mimi nikaangalia chini kwa adabu huku nikijiuliza mwenye mierezi amekaa meza gani.

Bado hajatokea.

Nelda Ruth


Detroit
Juni 3, 1975

Nelda Ruth,

Nimekusoma. Wakili atatangaza kwenye magazeti, huko na huku, na jina langu litasomwa tena dukani kwa Fowlkes kama zamani. Ningeweza kuepushwa na hilo.

Usinitumie samaki tena. Siwezi kula chakula cha watu wanaonificha ukweli.

Ukimwandikia, mwambie kwamba Rhonda ana urefu wake na meno yake, na kwamba hamuulizii tena.

Imogene Tarpley, ambaye bado anabeba jina hilo kwa sababu yenu


Tallow
Septemba 14, 1975

Wifi,

Hukunijibu barua mbili, na ya tatu ni hii. Tangazo lako lilitoka gazetini. Nililikata dukani kabla wengi hawajalisoma. Nilinunua magazeti yaliyobaki na kuwashia jiko. Ndilo jambo pekee nililoweza kukufanyia, na najua halitoshi.

Basi nikuchekeshe, kama bado unacheka. Lango la maji la ziwa limeoza, na mafundi wanataka kulitengeneza, kwa hiyo wanateremsha maji hadi majira ya baridi. Tangu niolewe sijaona ziwa limeshuka hivi. Matope yanaonekana hadi mbali, na visiki vimetoka kama mkutano wa wazee. Na wanaume wetu! Kila mtu ghafla ana sababu ya kutembea matopeni. Huyu anatafuta kobe, yule anatafuta nanga iliyopotea enzi za babu yake, Shemasi Fowlkes mzima anasema daktari kamwagiza atembee. Waongo wote. Wanatembea kuangalia nani alizamisha miti yake wapi. Jana nilimkuta Hershel amesimama juu ya lundo la matairi akilitazama kwa machozi. Alikuwa anapita juu yake miaka yote bila kujua, na ni ya jirani yetu.

Pangu bado maji hayajashuka vya kutosha. Nikuambie sasa kwa kuwa litakuwa wazi kwa kila mwenye macho: ni pale chini ya tuta la zamani, ambapo walichimba udongo wa kujengea tuta wakaacha shimo. Shimo lina kina, lakini mdomo wake ni maji ya magotini, na krapi hutoka shimoni kuja kutaga mdomoni. Wiki mbili tu litakuwa kavu. Nimemwambia Hershel tutakwenda wote, nikamwone huyo bingwa aliyefunga mierezi. Kama ni Shemasi, nitamcheka hadi kiama.

Nisalimie Rhonda. Nisalimie na huyo wako.

Nelda Ruth


Tallow
Oktoba 2, 1975

Imogene,

Kaa chini kwanza. Kama Rhonda yuko hapo, mwache kwanza, usome peke yako.

Nimepiga simu duka la chini ya nyumba yako mara mbili. Mara zote ulikuwa kazini, na yule bwana akaniuliza aandike ujumbe gani. Sikuweza kumpa mgeni ujumbe huu apande nao ngazi.

Ni Doyle. Hakwenda popote. Yuko hapa. Alikuwa hapa.

Pikapu iko shimoni chini ya tuta, pale ninapovua. Ilipotokea paa tu nilidhani ni boti iliyopinduka. Kisha nikaona ile rangi ya kijani. Hershel akaniambia, "Nelda, rudi nyuma." Sikurudi. Niliingia matope mpaka kiunoni na nikafuta namba kwa kiganja.

Yumo ndani. Sherifu amekuja. Siwezi kuandika zaidi.

Imogene, nisamehe mimi sijui hata kwa lipi. Nimekuwa nikitamka jina lake kwa ubaya kila siku.

N.


Detroit
Oktoba 7, 1975

Nelda Ruth,

Alikuwa peke yake?

Nijibu hilo kwanza. Nijibu kweli, hata kama ni baya.

Imogene


Tallow
Oktoba 11, 1975

Wifi yangu,

Peke yake. Naapa kwa kaburi la Mama. Upande wa pili wa kiti kulikuwa na chupa ya kahawa, kofia yake, na jozi ya glavu. Hapakuwa na mtu mwingine wala nguo ya mtu mwingine. Wanda Lee yuko Arkansas, Sherifu ameongea naye kwa simu. Aliolewa na dereva wa malori, ana watoto, na Doyle hakumjua zaidi ya kumwagiza kahawa. Alilia aliposikia watu walikuwa wanasema nini.

Sasa nikuambie lililo nyuma ya pikapu. Nimeliona kwa macho yangu, na sijalala vizuri tangu hapo.

Ni kitanda, Imogene. Kitanda cha Mama, na kile kirungu cheupe bado kipo, nilikifuta tope kikang'aa. Na juu ya kitanda mierezi, mingi, imelazwa vichwa huku na huku na kufungwa kwenye vyuma kwa waya. Na kuzunguka kote, mnyororo wangu. Aliusokota kwa fundo lile la Baba. Kitanda hakikuwa cha kumlalisha mtu. Kilikuwa cha kuizamisha mierezi, isielee, ikae chini miaka na miaka.

Alikuwa anajitafutia pake.

Sherifu anasema alirudisha pikapu kinyumenyume hadi ukingoni ili ashushe mzigo. Unaikumbuka breki ya mkono ya gari lile, ilikuwa pambo tu. Tuta lilikuwa limelowa na likameguka. Mlango wake umebanwa na kisiki, na kioo alikuwa amekifunga kwa ajili ya baridi. Kisha ikaja ile mvua unayoisema, ikafuta alama za magurudumu na ziwa likapanda. Hakuna aliyekwenda kumtafuta huko kwa sababu wewe alikuambia Union City, na mimi aliniambia shughuli ya wanaume. Alitudanganya wote wawili kama mtu yeyote wa Tallow anavyomdanganya mwenzake akienda kuzamisha miti. Mimi ningefanya vilevile. Nimefanya vilevile maisha yangu yote.

Na mimi, Imogene. Masika mbili nimekaa pale na mwanzi wangu, juu ya kichwa cha ndugu yangu, nikiimba nyimbo za kanisa. Nikamwita mwenye chungu. Nikasema hatokei. Nililisha kanisa zima. Nilikutumia wewe na mtoto wake. Kila nikifikia hapo katika mawazo natoka nje, nasimama uani, Hershel anakuja kunifunika koti.

Mazishi yatakungoja. Njoo na Rhonda. Chumba cha mbele kiko tayari. Na ukitaka kunipiga, nitasimama unipige.

Dada yake,
Nelda Ruth


Detroit
Novemba 9, 1975

Wifi yangu,

Tulifika salama. Rhonda alilala njia nzima na ile kofia mapajani. Asante kwa siku zile. Asante kwamba hukunilazimisha kusema pale kaburini, watu walipokuja mmoja mmoja kunishika mkono, wale wale wa foleni ya dukani, wakisema, "Tulijua Doyle ni mtu mzuri." Nilitaka kuwauliza walijua lini. Ulinibana mkono nikanyamaza.

Huku ndiko nimeweza kulia. Nilikuwa nimesimama mbele ya sinki jikoni, nikaikumbuka ile sahani. Nilichokuandikia: nililamba vidole. Rhonda alinikuta nimekaa sakafuni. Nilimweleza yote, nikidhani atapiga kelele. Akasema, "Mama, kumbe alitupikia." Sijui mtoto alilitoa wapi. Sijui kama ni neno jema au la kutisha. Bado nalitafuna.

Na lile lingine nililoliandika, kwamba laiti angekuwa amekufa. Nililiandika mwezi wa nne, na huku miaka yote alikuwa kafa. Padri alikuja kunipa pole. Akasema kwa upole kabisa kwamba sasa mimi ni mjane na hakuna kizuizi tena. Nimepewa nilichokiomba, na kimenitia hofu kama nimekishika usiku gizani nisijue ni nini.

Nina hasira pia, nisikudanganye. Nina hasira na yeye. Angesema neno moja tu! "Imogene, nakwenda tutani." Ningegeukia ukutani vilevile, ningelala vilevile, lakini saa sita ningekwambia yuko wapi. Mvua ingenyesha na tungemtafuta. Labda tusingemkuta hai. Lakini tungemkuta. Mama yenu asingekaa dirishani. Mimi nisingemwita malaya wa kiume mbele ya mtoto wake. Yote haya kwa ajili ya krapi! Watu wazima, wanaficha samaki kuliko wanavyoficha dhambi.

Kitu kimoja sikukuambia nilipokuwa huko. Kile kitanda nilimwambia mimi akiondoe. Tulikuwa tumenunua kipya, na cha zamani kilikuwa kinashika kutu bandani na kunichania soksi. Nilimwambia, "Kitafutie kazi au ukitupe." Basi alikitafutia kazi. Miaka yote hii nilishikilia kwamba aliniibia kitanda, na neno lile nilikuwa nimelisahau kabisa. Lilinirudia pale uani kwako, nilipokiona kimeegemea ukuta na kile kirungu cheupe kinanitazama.

Sherifu aliniuliza nataka kifanywe nini, nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri. Usikiuze kwa wa vyuma chakavu, na usinitumie. Maji yako chini bado. Kata mierezi mipya, ukifunge kwa mnyororo wako, ukizamishe mahali pazuri. Si shimoni pale. Mahali pengine, penye maji ya kina kifupi, palipo salama kuteremka. Alikuwa na kazi moja asubuhi ile na hakuimaliza. Imalize.

Walter nimemwambia angoje. Sikumpa tarehe. Aliizungusha kofia yake mikononi, akasema, "Nilikula kwake, Imogene. Nisipokwenda kumsalimu ni utovu wa adabu." Nadhani nitaolewa na mtu huyu, lakini si mwaka huu.

Na jambo la mwisho. Nitakuja masika kuvua hapo. Kwa hiyo nataka kujua ni wapi. Najua ninachokuomba, na najua ninamwomba nani.

Wifi yako,
Imogene


Tallow
Januari 18, 1976

Wifi yangu mpenzi,

Kazi imekwisha.

Nilikata mierezi bondeni, ya kijani kabisa, kwa msumeno wa Baba. Hershel alijitolea kusaidia na mgongo haukuuma hata kidogo. Shemasi Fowlkes alileta matrekta mawili bila kuitwa, moja la kuvuta na moja la kulishikilia lile la kwanza, maana sasa hapa hakuna anayekaribia ukingo bila kufungwa kamba. Tulipofika ukingoni niliwaambia wote wageuke warudi nyumbani, kuanzia hapo ni familia tu. Wakageuka. Hawakuchungulia, Imogene. Wanaume wa Tallow, hawakuchungulia.

Nilifunga fundo la Baba. Kisha nikalifungua, nikalifunga tena kwa namna ya Doyle, yeye alikuwa anazungusha mara moja zaidi. Kitanda tulikiburuta mimi na Hershel juu ya matope yaliyoganda kwa barafu ya asubuhi mpaka mahali pake, tukakiacha. Ndugu Lovelace alitaka kuja kuomba. Nilimwambia aombe akiwa jikoni kwake, Mungu anajua njia.

Lango limeshafungwa na maji yanarudi. Jana yalifika kwenye miguu ya kitanda. Leo asubuhi kilikuwa kimezama, isipokuwa ncha za mierezi. Nilisimama nikalia kwa sauti, peke yangu, kama mtu mwenye akili zake. Halafu nikaimba. Nilidhani sitaweza tena kuimba ziwani, kumbe naweza.

Ile siku ya kwanza, nilipokwenda kuchagua mahali, kabla sijatoka nilimwambia Hershel ninakwenda wapi hasa. Hata yeye sikuwahi kumwambia kitu kama hicho tangu tuoane. Amenibembeleza, amenitisha, ameweweseka. Nilipomwambia, nilidhani atashangilia. Aliivua kofia yake na kusema, "Sawa, Nelda. Saa sita usipokuwa umerudi, nakuja." Basi.

Mlete Walter. Mwambie nimeshajifunza kulitamka jina lake, Banaszak, nalisema mbele ya kioo na kioo kinabaki kikavu.

Sasa nakuandikia ulichoniomba. Mkono wangu unakataa, nimeupiga kofi.

Toka gatini kwetu, ufuate ukingo wa kushoto mpaka mberoshi uliopasuliwa na radi. Zima injini hapo, utumie kasia. Geuza uso uuone mnara wa kanisa. Utaviona visiki viwili virefu vimesimama kama miimo ya mlango. Mnara ukikaa katikati yao, simama, hapo ndipo. Ukishuka, maji yatakufika kiunoni. Kitanda kiko chini yako, kichwa chake kimeelekea nchi kavu, na kirungu cheupe kiko upande wako wa kulia.

Nelda Ruth